Hesabu ya Vilivyobaki

Jambo zima lilitugharimu kadi moja ya elektroniki iliyoungua, gunia moja na nusu la makaa, trei nzima ya mikate iliyonuka plastiki, na bei moja ambayo mpaka leo haijalipwa. Nimehesabu mara mbili. Hiyo ya mwisho ndiyo inayoniwasha, lakini nitaifikia. Mtu hataji bei kabla ya kuonyesha mali.

Mali yenyewe ni hii. Mimi ni binti wa Buyenzi, mtaa wa hapa Bujumbura. Nimelelewa katika duka la vipuri vya magari, kati ya makopo ya boliti na harufu ya mafuta ya breki, na sasa nafundisha elektroniki chuoni. Vyuo kadhaa vya kanda yetu vilikubaliana kutengeneza setilaiti ndogo, ndogo kiasi kwamba ukiiweka kwenye kaunta mteja atakuuliza kama inashika redio. Kila chuo kingetengeneza kiungo kimoja. Siku ya kugawana, intaneti ilitukatikia, na tuliporudi mkutanoni wenzetu walikuwa wameshachukua betri, kamera na antena. Kilibaki kiungo ambacho hakuna aliyekitaka: kumbukumbu.

Ndicho nilichokitaka tangu mwanzo. Lakini ukionyesha furaha mbele ya muuzaji bei hupanda, kwa hiyo nikasema, "Haya, tutajaribu," kwa sauti ya mtu anayeumwa jino.

Kumbukumbu ninayoisema ni ile isiyofutika umeme ukikatika. Setilaiti huzimika na kuwaka, na kila ikiamka lazima ijikumbuke: kazi yake ni nini, betri ina nini, Dunia iko upande gani. Ikiamka imesahau, inakuwa chuma kinachozunguka bure, na hakuna fundi wa kumtuma huko na bisibisi. Kuhusu umeme kukatika, watu wa Bujumbura hatuhitaji kozi.

Lakini kulikuwa na sharti. Wasimamizi wa mradi walikuwa na kadi nyingine ya kumbukumbu, ya kununua, iliyoletwa kutoka mbali na kuwekwa kabatini. Walitueleza kwa upole, kama unavyomweleza mgonjwa: yenu ikifaulu majaribio, itapanda yenu, isipofaulu, itapanda hiyo. Kiti kilikuwa kimoja. Sikuwahi kutaka kiti namna ile maishani mwangu, hata kile cha dirishani.

Kazi tuliifanya wawili. Mwenzangu ni mwalimu wa hesabu kutoka Gihosha, huko juu penye upepo. Ni mtu mpole wa kanisani, ambaye hulipa bei ya kwanza anayotajiwa. Niliwahi kumwona sokoni Cibitoke akinunua nanasi, akalipa, kisha akamshukuru muuzaji kwa muda wake. Nilihama upande wa barabara, wasije wakadhani tuko pamoja. Lakini ukimpa namba, ananiacha nyuma nikihema.

Chipu ya kumbukumbu, nikiieleza kama ninavyowaeleza wanafunzi, ni jumba lenye vitungi vidogo mno. Kitungi kilichojaa chaji ya umeme kinasomeka sifuri. Kitupu kinasomeka moja. Najua umetegemea kinyume chake, hata mimi nililalamika. Kila kitu setilaiti inachokijua ni safu za sifuri na moja, yaani safu za mitungi iliyojaa na mitupu. Na huko juu kuna joto na mionzi, ambavyo kazi yake ni moja tu: kuvujisha.

Mpango wa mwenzangu ulikuwa safi kama shati lake la Jumapili. Tuandike kila kitu kwenye chipu tatu, nakala tatu zinazofanana, na wakati wa kusoma tupige kura.

"Wawili wakikubaliana," alisema, "wa tatu ndiye amekosea."

Mimi nilipewa kazi ya kununua. Muuzaji alinipunguzia vizuri nilipokubali kuchukua chipu zote za kundi moja, zilizotoka kiwandani pamoja. Nilijisifu kwa punguzo hilo kuanzia garini mpaka chuoni. Mwenzangu alinisikiliza kwa subira na akasema, "Hongera, dada."

Ili kujua mitungi itavuja kiasi gani bila kungoja miaka, unaipika. Unaweka kadi kwenye joto kali kwa muda mrefu, kisha unaisoma uone kilichobaki. Chuoni tulikuwa na tanuri la umeme. Tuliliwasha, umeme ukaondoka, joto likashuka, tukaanza upya. Tukaliwasha tena, umeme ukaondoka tena. Jenereta lilikuwepo, mazutu, yaani dizeli yake, hayakuwepo. Aliyekuwa na jerikeni ya mazutu siku zile alikuwa anasalimiwa kwa mikono miwili. Ndipo nilipokumbuka kwamba Buyenzi kuna tanuri ambalo halijui kabisa kama umeme upo au haupo.

Mwenyewe ni mama wa makamo, Mwislamu wa familia ya zamani ya mtaa, anayeoka mikate kwa makaa na kuiuza mpaka ng'ambo ya mto. Alinijua tangu nikiwa natumwa mkate, na tangu wakati huo ananiita Binti Vyuma.

"Mama, natafuta joto," nilimwambia.

Alinitazama. Ilikuwa mchana, na jasho lilikuwa linanitiririka mpaka kidevuni.

"Joto? We simama tu hapo inje. Utashiba."

"La tanuri. Ukishatoa mikate ya asubuhi, niweke kitu changu ndani ya mkebe."

Akaipokea kadi, akaigeuza, akainusa.

"Hii inaliwa na nini?"

"Hailiwi, Mama. Ni ya setilaiti. Inaenda juu, angani."

"Na huko juu hakuna moto?"

"Upo. Ndiyo maana tunaizoesha."

Alicheka mpaka akashika meza, kisha akakumbuka kwamba yuko dukani. "Mukate ukiingia unainuka. Iki kitu yako kitainuka?"

"Apana."

"Basi kitanilipa na nini?"

Nikataja bei. Akaangalia pembeni kama mtu aliyesikia mbwa akibweka mtaa wa pili. Mwenzangu, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, akaingiza mkono mfukoni, nikamkanyaga mguu. Nikapandisha kidogo. Mama akaanza kupangusa meza iliyokuwa safi. Nikasema makaa yatakuwa ya kwetu. Hapo akanigeukia.

"Makaa ya kwenu, sawa. Franga sitaki. Mi nataka kitu kimoja: iki kitu kikipanda huko juu, muandike ndani bei ya mukate yangu."

"Bei ya mkate?"

"Ndiyo. Iwe imeandikwa pahali ambapo mutu hawezi kuja kunibishia."

Nilikubali kabla hajamaliza kufunga mdomo. Mwenzangu alipendezwa mno. "Umeona, dada? Mtu akiwa mwema, hakuna haja ya kubishana." Nami, mtoto wa duka, nilitembea kurudi chuoni nikiamini kwamba mfanyabiashara wa Buyenzi amenipa kitu bure.

Kadi ya kwanza iliungua siku hiyo hiyo. Tulikuwa tumeiweka karibu na ukuta wenye makaa, viunganishi vyake vya plastiki vikayeyuka, na trei iliyofuata ikatoka na harufu ya waya. Wateja walirudi na mikate mkononi. Mmoja, dereva, aliuweka wake mezani kwa heshima kama anayerudisha maiti. "Mama, mukate hii iko inanuka redio." Tuliilipa trei nzima, na tuliila pia, maana kilicholipiwa hakitupwi.

Kadi ya pili tuliiweka juu ya matofali, na kipimajoto cha waya ndani ya mkebe. Nikawa nakuja mara kwa mara kuongeza makaa au kuyapunguza, na joto likatulia vizuri, vizuri kuliko chuoni. Muda ulipotimia tuliitoa, tukaacha ipoe, tukaiunga na kompyuta pale pale kwenye meza ya unga, kwa sababu hakuna aliyekuwa na subira ya kufika chuoni.

Mwenzangu alisoma matokeo. Akasoma tena. Yeye hukaa kimya akifurahi, kwa hiyo nikaanza kufurahi.

"Yampaye inka!" akasema, kiapo cha Kirundi kwa jina la aliyekupa ng'ombe, ambacho kwake ni sawa na mwingine kupindua meza.

"Nini?"

"Kura imeshinda, na imeshinda uongo. Hapa wawili wamesema moja, mmoja amesema sifuri. Tuliandika sifuri. Na hapa pia. Na hapa. Dada, wawili wanakubaliana na wote wawili wamekosea."

Nilielewa kabla hajamaliza, na ilinichoma. Chipu zote tatu zilikuwa za kundi moja. Zina udhaifu mmoja, zinavuja sehemu zilezile. Nilikuwa nimetafuta mashahidi watatu nikawachukua wa tumbo moja, kwa bei ya jumla. Kikao cha kuonyesha matokeo kilikuwa kimekaribia, na kadi ya kabatini ilikuwa imekaa tu, imetulia, haina hata jasho.

Tulikaa pale kwenye benchi. Mwenzangu alipendekeza nakala tano. Nikamwambia ndugu watano wa mama mmoja bado ni kauli moja. Mbele yetu Mama alikuwa anampakilia mnunuzi wake wa jumla, mwanaume wa baiskeli mwenye tenga kubwa nyuma. Walikuwa wanahesabu kwa namna ya mtaa wetu, ambayo nimeiona tangu sijui kuhesabu: anayeuza anahesabu vinavyotoka, anayenunua anahesabu vilivyobaki. Mama alihesabu mikate iliyoingia kwenye tenga. Bwana wa baiskeli alihesabu iliyobaki kabatini. Kisha wakajumlisha.

"Sasa mbona inazidi?" Mama akauliza. "Niliyooka naijua. Mukate imezaa mu kabati?"

"We ndiyo umeongeza, Mama. Umehesabu na kidole chako."

"Mi? We ndiyo unahesabu na tumbo!"

Wakaanza upya. Safari hii jumla ikalingana na mikate iliyookwa, na hakuna aliyeuliza tena swali.

Nilisimama. Benchi liliinuka upande wangu na mwenzangu karibu aanguke.

Baba yangu alikuwa anauza boliti hivyohivyo. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza kwa nini asihesabu mwenyewe mara mbili yaishe. Akasema kuhesabu kitu kilekile mara mbili ni kukosea mara mbili. Hesabu ya pili lazima ishikwe na mwenye tamaa ya upande mwingine. Muuzaji akidanganya, atasema vimetoka vingi, alipwe zaidi. Mnunuzi akidanganya, atasema vimebaki vingi, alipe kidogo. Kila mmoja anaongeza, kwa hiyo uongo wao haufutani. Unajumlishana, na jumla inapita kilichokuwepo. Ikilingana, wote wawili wamesema kweli. Nimeishi na jambo hilo maisha yangu yote nikidhani ni ugomvi wa dukani.

"Mitungi huvuja," nilimwambia mwenzangu. "Je, hujijaza?"

"Kwa joto? Hapana. Huvuja tu."

"Basi uongo wake una upande mmoja! Sifuri inageuka moja, moja haigeuki sifuri. Na sisi tumeuliza watu watatu wenye tamaa moja, halafu tukapiga kura!"

Alinitazama. Kisha akaweka kidole kwenye unga wa Mama na kuanza kuandika, na hapo ndipo siku yangu nzuri kuliko zote ilipoanza.

Tuligawanya kila kitu katika vipande vifupi. Kwa kila kipande tulihesabu sifuri zake, na idadi hiyo tukaiandika pembeni yake, ndani ya chipu hiyohiyo. Kipande kikivuja, sifuri zake zinapungua. Ile idadi ya pembeni nayo imeandikwa kwa sifuri na moja, na ikivuja, sifuri zake zinageuka moja, kwa hiyo inaweza kukua tu, kupungua haiwezi. Hesabu moja inashuka, nyingine inapanda. Haziwezi kukutana kwenye uongo. Ukikuta zimelingana, kipande ni kizima. Ni Mama na bwana wa baiskeli, ndani ya chipu.

"Na tukikuta nakala zote tatu zimevuja?" nikauliza.

Aliandika haraka mpaka unga ukamrukia miwani. "Basi hatupigi kura. Mtungi mtupu unaweza kuwa umevuja, lakini uliojaa haujajijaza wenyewe. Akitokea hata mmoja kati ya watatu anayesema sifuri, ni sifuri. Mmoja anawashinda wawili! Halafu tunahesabu tena kuhakikisha."

"Halafu tunaandika upya, mitungi ijae."

"Halafu tunaandika upya!"

Tulikuwa tunapiga kelele. Mama alikuja na ufagio wa meza.

"Nyie basomi, unga hii inalipiwa. Mukitaka ubao, nendeni shule."

Baadaye mwenzangu alipekua vitabu akanijia na uso wa mtu anayeleta habari za msiba: ile mbinu ya kuhesabu sifuri ilikuwa inajulikana zamani, kabla sijazaliwa. Nilihuzunika kwa muda wa chai moja. Kisha nikafurahi zaidi, maana kama wenye vitabu na wenye boliti wamefika mahali pamoja kwa njia mbili, hiyo nayo ni hesabu iliyolingana.

Programu tuliiandika upya, kadi ileile tukaijaza upya, ikarudi kwenye matofali yake. Mara hii hatukuweza kufanya kazi nyingine yoyote. Mwenzangu aliyesema hataki mkate tena maishani alikula minne. Tulipoiunga na kompyuta, nilifumba macho na kumwambia anisomee.

"Chipu zimevuja kama mwanzo," akasema.

"Najua zimevuja. Na baada ya hesabu?"

Nikasikia vitufe tu vikibonyezwa.

"Soma!"

"Vipande vyote vizima. Hakuna kilichopotea." Akatoa miwani, akaifuta, akaivaa. "Hata kimoja."

"Hesabu tena."

"Nimeshahesabu tena, dada. Nimeanza kuwa kama wewe."

Nilipiga kigelegele. Mama alitoka ndani mbio akidhani kuna harusi.

Kikao kilifanyika kwa video. Aliyetuhoji alikuwa mhandisi, mama mwenye Kiswahili cha pwani kilichonyooka kama kamba ya nguo, na alitusikiliza bila kutikisa kichwa. Mwishoni akauliza swali nililoliogopa.

"Joto huvujisha tu, nakubali. Lakini chembe ya mionzi ikapiga mahali pabaya, na mtungi mtupu ukasomeka umejaa? Mtaamini sifuri ya uongo."

Mwenzangu akanigeukia. Nikajibu mimi.

"Mama, sokoni muuzaji hudanganya kwenda juu. Siku akishusha bei mwenyewe bila kuombwa, hatushangilii. Tunajua mali ni ya wizi. Ndani ya kadi, sifuri zikizidi idadi iliyoandikwa, na nakala nyingine hazijaongezeka, programu haiamini mtu. Inasimama, inakiweka kipande hicho kando, na hapo ndipo inarudi kwenye kura."

Nikaona bega lake linatikisika. Alikuwa anacheka. Baada ya siku chache jibu lilikuja: kadi ya Bujumbura itapanda, kwa sharti kwamba ile ya mwisho iwe na chipu za makundi matatu tofauti. Yaani rejareja. Niliisoma barua mara mbili. Mara ya kwanza kwa shangwe, mara ya pili kwa sababu ya hilo neno. Nikalipa bila kubisha, na mwenzangu akaniuliza kama naumwa.

Mwisho wa barua kulikuwa na zawadi. Katika kumbukumbu kulikuwa na nafasi ndogo iliyobaki, na kila chuo kinaweza kuandika cha kwake. Nikakumbuka deni. Nikaenda kwa Mama kwa madaha, kalamu mkononi.

"Mama, tunapanda! Nimekuja kuandika bei. Elfu tatu, sindiyo?"

"Elfu tatu ni ile siku ulikuja na jasho," akasema. "Leo ni elfu tatu mia tano. Unga umepanda."

Nikaandika. Wiki iliyofuata nilipita kununua, ikawa elfu nne. "Badilisha," akasema. "Uliahidi bei ya mukate yangu. Elfu tatu haiko bei ya mukate yangu, ni historia." Nikamwambia kadi inafungwa hivi karibuni, na ikishafungwa haiguswi. "Basi andika ile itakuwa siku inapanda," akasema, akaendelea kukanda. Hapo nikaelewa nilichouziwa: bei isiyolipika.

Mwenzangu ameshauri tuweke wastani wa zote tatu. Mtu wa nanasi, huyo. Lakini kuna jambo nimeligundua nikihesabu mara ya pili. Bei hiyo ni namba, na namba kwenye mitungi yetu, tukiiacha bila kuilinda na bila kuiandika upya, ikivuja inakua tu. Itapanda yenyewe huko juu, polepole, kama Buyenzi. Nilimweleza Mama. Aliacha kukanda. "Yaani inajipandisha bila mi kusema kitu?" Na nikaona amependa.

Sasa ninyi mnaosoma, ambao mmewahi kununua na kuuza, nishaurini kabla kadi haijafungwa. Nimeitengeneza kumbukumbu isiyopoteza hata kipande. Je, bei ya mkate niilinde kwa hesabu yetu yote, ibaki elfu nne milele na nionekane nimemdanganya Mama, au niiache ivuje?